Gesti ya New Kingston: mchana wanakutisha, usiku wanakufungia nje

Kwa wenye haraka: msilale hapo. Wenye muda nawaeleza.

Gesti yenyewe iko New Kingston, eneo la mji wa Kingston, Jamaika, mtaa wa ndani kidogo, si mbali na Knutsford Boulevard. Jina naliacha, wasije wakanitafutia kesi. Vyumba visafi, kiyoyozi kinafanya kazi, na asubuhi wanakuletea ackee, tunda linalopikwa kama mboga, na samaki wa chumvi; kama hujawahi kuila, kwa macho utadhani mayai ya kuvuruga. Kwenye chakula sina ugomvi nao.

Ugomvi wangu ni geti.

Tangu nafika, dada wa mapokezi alinihubiria usalama mpaka nikaanza kuogopa kivuli changu. Usivae cheni. Usishike simu barabarani. Usipande teksi isiyo na pleti namba nyekundu. Downtown, katikati ya mji wa zamani, giza likiingia usionekane, soko la Coronation nenda asubuhi, tena na mwenyeji. Sibishi, mengi ni kweli. Jamaika ina mauaji mengi kwa idadi ya watu wake, japo sehemu kubwa ni magenge yanamalizana kwenye mitaa yao, si watu wanaowinda wageni. Na hiyo pleti nyekundu ni jambo la maana, maana ndiyo magari yenye kibali cha kubeba abiria. Kwa hiyo nilimsikiliza, tena kwa adabu.

Jioni moja nikaenda Devon House, lile jumba alilojenga tajiri mweusi George Stiebel mwaka 1881. Jumba lenyewe wengi hawana habari nalo, wamefuata aiskrimu. Foleni ndefu, wapenzi wameshikana mikono, watoto wamechafuka mpaka viwikoni. Nikakaa kwa raha zangu, kisha nikarudi na teksi ya pleti nyekundu kama nilivyofundwa. Dereva akanishusha getini, akaondoka.

Geti limefungwa. Nabonyeza kengele, kimya. Napiga simu mapokezi, inaita mpaka inakata. Nachungulia kwenye upenyo, mlinzi namwona kabisa: kakaa kwenye kiti cha plastiki, uso unang'aa kwa mwanga wa simu, anaangalia video na kucheka peke yake. Nikagonga. Akainua kichwa, akasema mapokezi ndio wanaoruhusu. Nikamwonyesha ufunguo wa chumba, wenye kibao chenye jina lao na namba. "Mapokezi ndio wanaoruhusu." Akarudi kwenye video yake.

Sasa niambieni, mtu aliyekatazwa kushika simu barabarani, usiku, mtaa mtupu, anafanya nini? Anashika simu barabarani!

Aliyeniokoa ni mama mmoja anayechoma kuku pale kona, kwenye pipa lililopasuliwa katikati. Wapo wengi Kingston usiku. Moshi wao unakufikia kabla hujawaona. "Njoo hapa mwanangu, usisimame gizani," akanisogezea kreti ya soda nikae. Hakuuliza kama nanunua. Wateja wake walikuwa vijana wa aina ambayo yule dada angeniambia nivuke barabara nikiwaona. Mmoja wao akaenda kulipiga lile geti ngumi, akiporomosha matusi ya patwa, lugha yao ya kila siku, mpaka mapokezi wakaamka.

Dada katoka na kilemba chake cha kulalia. Pole hakuna. "Tulikwambia usichelewe." Hata saa sita ilikuwa haijafika! Na kwenye masharti waliyobandika nyuma ya mlango wa chumba hakuna saa ya kufunga geti, niliyasoma yote usiku ule kwa hasira.

Nilishaamua kuwapa nyota mbili, kwa usafi na ile chai ya asubuhi. Halafu siku ya kuondoka nikaletewa bili, ina mstari wa "huduma ya geti usiku". Wamenitoza! Huduma ya nani, ya yule kijana wa ngumi? Nyota moja, na hiyo ni ya ackee.

Kingston yenyewe msiikimbie, mimi ningerudi hata kesho. Na kama bei itakulazimisha ulale hapo, maana kusema ukweli bei yao ni nzuri, chukua namba ya mwenye gesti mwenyewe. Ile ya mapokezi inaita tu.