Ubao wa shanga wa kufundishia usafiri ndani ya seli: nunua, lakini badilisha kanuni ya bakuli

Seti hii tumeipata kwa Sh 45,000 kwenye duka la vifaa vya shule katikati ya jiji la Mwanza. Ina mbao mbili zenye mashimo 20 kila mmoja, shanga 40, bakuli, dadu, na karatasi za namba 0 hadi 20. Ubao ni mikrotubuli, reli ya ndani ya seli. Shanga ni kinesini, protini inayotembea juu ya reli hiyo ikivuta mizigo. Shimo moja ni hatua moja: kwenye seli halisi ni nanomita 8, na kila hatua hula molekuli moja ya ATP, yaani nishati ya seli.

Mchezo wenyewe ni mwepesi. Okota namba bila kuangalia. Ikitoka 7, ushanga wa shimo la 7 unasogea hadi la 8 iwapo ni tupu. Ikitoka 20, rusha dadu. Ukipata 1, 2 au 3, ushanga unatoka na kurudi bakulini. Sifuri ni zamu ya kuingia.

Kosa kubwa liko kwenye sifuri. Maelekezo yanasema ushanga uingie kila shimo la kwanza linapokuwa tupu, hata kama bakulini zimebaki shanga mbili. Hapo somo lote limepotea! Kinesini zilizo huru huelea kwenye saitoplazimu, majimaji ya ndani ya seli, na zikipungua, reli huzisubiri zaidi. Aliyefika mwalo wa Kirumba, soko la dagaa la hapa Mwanza, analijua hili: makuli wakiwa wachache, ubao wa kupandia mtumbwi unakaa wazi ingawa magunia ya dagaa yamejaa.

Dawa ni maharage. Weka bakulini shanga 10 na maharage 30. Kwenye zamu ya kuingia, chota kimoja bila kuangalia: ushanga unaingia, harage linarudi. Ushanga ukienda ubaoni, weka harage mahali pake. Ukirudi, toa harage. Jumla ibaki 40 daima.

Kwa ubao mmoja, wastani wa shanga safarini ni tatu na kitu. Fungua wa pili, uchezwe kwa zamu zake: kila ubao unabaki na mbili na nusu hivi. Jumla ya mizigo inaongezeka, lakini haifiki maradufu, kwa sababu reli zote zinachota bakuli moja.

Jaribio zuri kuliko yote: shanga 15, maharage 25, ubao mmoja, na ushanga utoke dadu ikionyesha 6 tu. Foleni inajengeka mwishoni, ikichukua mashimo saba au nane, inapanda na kushuka, ila kwa kawaida haifiki shimo la kwanza. Foleni imemeza shanga, bakuli limepungukiwa, kuingia kumepungua hadi kulingana na kutoka. Kwa shanga 30 foleni inafika mwanzo, na ubao unashika karibu 17.

Upungufu mwingine: mashimo 20 ni nanomita 160 tu, wakati kinesini hutembea takriban mikromita moja kabla ya kuachia reli. Seti haina kanuni ya kuanguka katikati ya safari. Mchoro wa kifuniko unaonyesha kinesini ileile ikienda pande zote mbili, jambo lisilo sahihi. Kurudi ni kazi ya dineini, protini nyingine inayotembea upande wa pili.

Tenga vipindi viwili mfululizo. Usihesabu chochote kabla ya kuokota namba mara 500, na karatasi zibandike kwenye vifuniko vya chupa za soda, maana zinakunjika haraka.