TAHADHARI: Fundi wa rejeta aliyenishushia gia boksi hewa

Jamani nimepigwa. Tena nimepigwa nikiwa nimekaa palepale kwenye kreti ya soda, namwangalia anayenipiga.

Gari yangu ni Toyota Spacio ya otomatiki. Yalitukuta Chalinze: rejeta, ile inayopoza injini, ilipasuka, nikaelekezwa kwa fundi. Rejeta mpya pamoja na ufundi 190,000. Kafunga, gari ikawaka, mshale wa joto ukatulia. Wakati ananipa funguo akanipa na noti ya elfu kumi: "Mama, hii nimeikuta chini ya siti." Hapo ndipo aliponimaliza. Fundi gani wa Dar hii anarudisha elfu kumi? Nilimsifia mpaka kwa mama mkwe. Wawili wenu niliwapeleka kwake kwa mdomo wangu huuhuu, nawaomba radhi.

Siku ya nne naamka, chini ya gari kuna dimbwi jekundu kama juisi ya rozela, mbele kabisa, usawa wa bampa. Nikampigia. Hakuzungusha, alikuja mwenyewe na bodaboda, na nauli akakataa kuchukua. Akatandika boksi, akalala chali, akachovya kidole, akanusa. Akakaa kimya kama daktari mwenye majibu mabaya. "Mama, pole. Sili ya mbele ya gia boksi imekufa. Ukiendesha hivi utanunua gia boksi nzima, na used tu ni milioni na nusu. Mimi naishusha hiyo gia boksi nibadilishe sili kwa laki nne na ishirini, sili, oili na ufundi humohumo."

Mimi mwalimu wa Kiswahili, sili naijulia wapi? Kumbe ni duara la mpira linalozuia oili isivuje. Nikaona ananiokoa. Nikatoa hela niliyokuwa nimeiweka kwa jambo lingine.

Siku ya kazi nikaenda kumsimamia, maana mimi si mjinga, nilijiambia. Nasikia spana zinagonga chini ya gari, nikatulia. Saa saba ananiambia, "Mama nenda kale, huku vumbi." Nikaenda kula wali maharage. Narudi saa nane na nusu gari imeshamalizika, imeoshwa mpaka matairi. Akanifungulia kiganja: duara la mpira mweusi, limechanika upande. "Hii ndiyo ilikuwa inakutesa." Nikalipiga picha. Nikaliweka status. Mlilike wenyewe.

Wiki haikuisha. Kimlima cha kwetu kile, nakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, gari haivuti. Chini, dimbwi lilelile, palepale. Jirani akanipeleka kwa kijana mmoja, nilimdharau kwa udogo wake. Akamulika tochi chini, akaniita niiname. "Dada, gia boksi hii haijawahi kushushwa." Bolti zote zina tope la zamani lililogandiana na oili, hakuna hata moja yenye alama ya spana. Niliinama pale nikaona aibu kunyanyuka.

Halafu akamulika mbele, chini ya rejeta. Kumbe gari ya otomatiki oili ya gia boksi hupitishwa kwenye rejeta ikapoe, inaingia kwa mpira mmoja na kurudi kwa mwingine. Bwana yule alipofunga rejeta mpya akarudishia mipira ya zamani iliyokakamaa kama biskuti. Mmoja umepasuka mdomoni, na klipu hana, kaukaza kwa kipande cha tyubu ya baiskeli! Gari ikiwashwa tu: tone, tone, tone. Yeye ndiye aliyeleta ugonjwa, akaniuzia dawa ya ugonjwa mwingine. Na oili iliyopungua humo ndiyo iliyofanya gari isivute.

Mipira miwili, klipu nne, oili ya T-IV kama ilivyochapwa kwenye kijiti cha kupimia, na ufundi: 74,000. Kijana akapitisha gia zote, akapima oili injini ikiwa inaunguruma na ya moto. Yule mwingine sijawahi kumwona ameshika hicho kijiti, na oili yake aliitoa kwenye dumu la maji ya kunywa. Hilo nalo sikuliona ajabu.

Mnaoniuliza dalili, ninazokumbuka ni hizi. Rejeta imebadilishwa juzi na oili nyekundu inadondokea mbele, ianzwe mipira ya rejeta. Sili ya mbele ikifa, oili hutokea kule injini inapoungana na gia boksi. Na gia boksi haishushwi ikapandishwa mtu akiwa anakula wali. Nyingine nimezisahau kwa hasira.

Nimerudi kwake na mjumbe, ananijibu mbele za watu, "Sili hufa tena, mama." Huyu anyang'anywe spana zote. Alale ndani hata wiki, kwenye sakafu yenye oili. Halafu anirudishie laki nne na ishirini yangu mbele ya mama mkwe. RB ya polisi nimeshachukua, ndiyo maana jina siandiki hapa. Anayetaka kujua gereji aje inbox.

Na ile elfu kumi, nimewaza wiki nzima, sikumbuki kuidondosha.