Kinga ya baruapepe ya Cloudflare: nimeiweka kwenye tovuti ya mafundi wa shaba, Lubumbashi

Ninatunza tovuti ya kikundi cha mafundi wa shaba na malakiti (jiwe la kijani) hapa Lubumbashi. Wateja wao wa mbali huagiza kwa baruapepe, kwa hiyo anwani lazima ionekane. Lakini anachokiona mteja, roboti za matapeli, yaani programu zinazojiendesha, nazo hukiona: hupita tovuti baada ya tovuti zikisaka alama ya @ na kuokota kilichoizunguka. Barua taka zilitujaa mpaka oda ya picha za shaba ikafukiwa humo, na mteja akapiga simu kuuliza kama tumemkatalia kazi. Tena mama anayepokea oda husomea kwenye simu, kwa megabaiti za kununua. Kila takataka inayofunguka anailipia yeye.

Nilishauriwa niiweke anwani kama picha. Nikakataa. Picha huwezi kuibonyeza ukaandika barua papo hapo, wala kuinakili. Asiyeona, anayesomewa ukurasa na simu, hapati kitu. Na ukiiandikia picha maelezo ili asomewe, umewarudishia roboti anwani yao. Kuandika “at” mahali pa @ nako ni kumsumbua mteja bure, maana roboti nyingi zimeshaujua ujanja huo. Google walikuwa na Mailhide, iliyomtaka mtu athibitishe kwanza kuwa ni binadamu, lakini waliifunga mwaka 2018.

Cloudflare, kampuni ambayo tovuti hupitia kwake kabla ya kumfikia msomaji, wana njia ninayoipenda zaidi, na ipo hata kwa wasiolipa. Mteja anaiona anwani kama kawaida na anaibonyeza. Ila ukifungua msimbo wa ukurasa, anwani haipo. Pamekaa mfululizo wa tarakimu na herufi. Mbili za mwanzo ndizo ufunguo, na kivinjari cha mteja huutumia kufumbua zilizobaki. Roboti inayosoma msimbo mkavu inatoka mikono mitupu.

Si kufuli la chuma, na nisingependa mtu auziwe hivyo. Ufunguo umo humohumo, kwa hiyo mtu aliyekusudia huufumbua kwa mistari michache ya programu. Kivinjari kilichozimwa JavaScript (lugha ya programu zinazoendeshwa ndani ya kivinjari) nacho hakifumbui kitu, kwa hiyo namba ya simu tumeiacha wazi pembeni. Halafu lazima tovuti yako ipitie Cloudflare. Mwenye ukurasa wa Facebook peke yake, huduma hii haimhusu.

Kubwa kuliko yote: haiiponyi anwani iliyokwisha kuokotwa. Orodha zikishauzwa, zimeuzwa. Ndiyo maana tulifungua anwani mpya, tukawasha kinga kwanza, ndipo tukaiweka ukurasani. Ya zamani tumewaachia wateja tunaowajua. Mpaka sasa katika sanduku jipya mama anakuta oda na maswali ya bei, na barua taka chache mno ambazo anazifuta bila kuzifungua.

Anayetaka kuiweka, akague pia faili za PDF za bei anazozipachika kwenye tovuti. Kinga hii haigusi kilichomo ndani yake, na anwani yetu ya zamani ilikuwa imeandikwa chini ya kila ukurasa.