Diwani aliyewaachia wananchi hela waamue wenyewe: nyota nne, ya tano nimeibana

Madiwani wa kukata utepe na kupiga picha wapo kila kona ya dunia, ila huyu jamaa wa Chicago, Joe Moore, aliyekuwa diwani wa kata ya 49 kule Rogers Park, inabidi nimpe maksi zake kwa haki. Sijawahi kuishi kwenye kata yake, napima kile alichofanya na kilichotokea baada ya hapo basi.

Iko hivi, Chicago ina madiwani 50 na kila mmoja anakuwa na fungu lake la kila mwaka la kukarabati kata, wenyewe wanaziita hela za menyu, maana diwani anapewa orodha ya kazi na gharama zake afu anachagua kama mtu aliyekaa hotelini, nipe lami mtaa huu, nipe taa mtaa ule. Enzi hizo ilikuwa kama dola milioni 1.3 hivi kwa kata. Na kwa kawaida anayechagua ni diwani peke yake, sasa ukiwa humjui mtu ofisini kwake shimo la mbele ya nyumba yako linazeeka na wewe.

Moore mwaka 2009 akasema hizi hela mimi siamui tena, amueni nyie. Wazo lenyewe hakulibuni, lilianzia Porto Alegre kule Brazil mwaka 1989, ila kwa Marekani yeye ndo alikuwa wa kwanza. Watu wakaitwa kwenye mikutano ya mitaa, wakajitolea kwenye kamati, wakakusanya mapendekezo na kuulizia kila kazi itagharimu kiasi gani (hapa ndo utamu ulipo kwangu, mtu akishajua bei ya taa moja ya barabarani hawezi tena kudanganywa kirahisi), halafu Aprili 2010 wakapiga kura. Wa miaka 16 ruksa, asiye raia ruksa, cha msingi unaishi kwenye kata.

Na walichagua nini? Kuna michoro ya ukutani, kuna njia za baiskeli, mpaka sehemu ya mbwa kukimbia ilipita, lakini kura nyingi zilienda kwenye kukarabati njia za waenda kwa miguu. Yaani zege la kukanyagia tu! Nilicheka ila nikaelewa, anayesukuma kigari cha mtoto kila siku anajua kero yake kuliko mchoraji ramani yeyote.

Sasa kwa nini nyota ya tano nimeibana. Kwanza hiyo milioni inaisha haraka na ni ya miundombinu tu, haishushi kodi ya nyumba ya mtu hata senti, na kufufua mtaa bila kugusa kodi kuna hatari ya wa zamani kuhama wakawaachia wageni zege jipya. Pili mikutano ya jioni inamtaka mtu mwenye muda, wa kazi mbili anafikaje. Tatu tusijifanye hatuoni siasa, 2007 jamaa aliponea chupuchupu kwenye duru ya pili ya uchaguzi, akaja na hili, 2011 akapita kwa zaidi ya asilimia 70. Sio malaika. Ila kama kutafuta kura ndo kunaleta mambo ya namna hii basi watafute tu.

Wazo lilisambaa pia, 2011 madiwani wanne wa New York wakalichukua, Brad Lander akiwemo.

Kilichonimaliza kabisa ni 2019. Moore alikuwa madarakani tangu 1991, akaangushwa, na aliyemwangusha ni Maria Hadden, mama aliyeingia kwenye ule mchakato wa kwanza kama mkazi wa kawaida tu, akaupenda mpaka akaufanya kazi yake. Mzee alifundisha mwenyewe, akapokewa kijiti bila kupenda.