Mipira ya petroli kwa gari lililotiwa turbo: upi wa kununua, upi wa kuuacha dukani

Gari lililotiwa turbo likianza kunuka petroli, mkono wa kwanza huenda kwenye klipu. Zinakazwa zote, harufu inapungua kidogo, kisha inarudi. Mara nyingi klipu haina makosa. Kosa liko kwenye mpira uliokatwa kwa mita kwenye duka la spea bila mtu kusoma maandishi yaliyochapwa ubavuni mwake, na maandishi hayo ndiyo bidhaa yenyewe. Mpira usio na maandishi usiununue hata kwa bei ya bure.

Ulio rahisi kupatikana Mombasa ni ule ulioandikwa SAE 30R7, alama ya daraja la mpira. Ni mpira mzuri kwa kazi yake: injini ya kabureta, paipu ya kurudisha petroli kwenye tangi, na mvuke. Kiwango chake ni psi 50, yaani kipimo cha presha. Sasa piga hesabu. Reli ya injekta, paipu inayogawa petroli kwa injekta, hukaa karibu psi 43, na regulata, kidhibiti cha presha ya petroli kilichounganishwa kwa mpira wa hewa na manifoldi ya kuingizia hewa, huongeza presha sawasawa na ile ya turbo. Turbo ikisukuma psi 15, mpira unabeba 58. Haupasuki papo hapo. Hutoa jasho karibu na klipu, huvimba, na huvuja gari likikanyagwa tu. Gereji, injini ikinguruma polepole, kila kitu kinaonekana kikavu, na mwenye gari anaambiwa harufu ni ya mawazo yake.

Uvujaji wa namna hiyo unaweza kuletwa gereji bila kuendesha gari. Fanya kazi nje, si juu ya shimo la gereji, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutulia chini. Kizimamoto cha unga kiwe karibu, na tochi iwe ya LED, si taa ya balbu ya moto. Chagua asubuhi, injini ikiwa baridi. Kwa joto la Pwani tone hukauka juu ya chuma cha moto kabla halijaanguka, linaacha alama ya hudhurungi tu. Futa viungo vyote, vipake unga wa chaki au poda ya mtoto, kisha endesha pampu bila kuwasha injini. Kwenye Toyota za zamani zenye kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti, unganisha matundu yaliyoandikwa +B na FP kwa waya, ufunguo ukiwa ON. Chomoa mpira wa hewa wa regulata. Ukiwa umelowa petroli ndani, umepata jibu: kiwambo cha regulata kimetoboka, acha hapo. Ukiwa mkavu, tia hewa kwenye tundu hilo kwa pampu ya mkono yenye geji, taratibu hadi psi 15. Presha ya reli itapanda vilevile, na poda italowa panapovuja.

Mpira unaostahili pesa ni SAE 30R9. Umepimwa kwa psi 100, na utando wake wa ndani hustahimili petroli na joto kuliko ule wa R7. Ni ghali zaidi, lakini gari la turbo halihitaji zaidi ya mita chache. Pima kipenyo kabla ya kwenda dukani: chuchu ya mm 8, yaani ncha ya paipu inayoingia ndani ya mpira, inataka mpira wa mm 8. Wa inchi 3/8 utaingia kwa urahisi na hakuna klipu itakayouokoa. Klipu nazo ziwe zile za injekta, zenye ukingo uliokunjwa na mkanda usio na matundu. Zile za skrubu zenye matundu hukata mpira kila zinapokazwa, na za chuma cha kawaida huliwa na chumvi ya bahari.

R9 ina mpaka mmoja ambao wauzaji hawausemi: usiutumbukize ndani ya tangi. Ganda lake la nje halikutengenezwa kuogelea kwenye petroli. Hulainika na kupasuka. Ukibadilisha pampu ya ndani ya tangi kwa Walbro ya lita 255 kwa saa, kipande kile kifupi cha mpira kinachotoka kwenye pampu kiwe 30R10, uliotengenezwa kukaa ndani ya petroli. Kikipasuka hakuna harufu wala tone, presha inaanguka tu, na watu hununua pampu nyingine bila sababu.

Mpira uliosukwa waya wa chuma unavutia macho, lakini waya si kinga ya uvujaji. Ukiwa na raba ndani, mvuke hupenya. Buti hunuka petroli na hakuna unyevu popote. Nyufa pia zinajificha chini ya waya. Wenye teflon ndani ndio unaofaa kupita karibu na abiria, ila unahitaji fitingi zake zenye pete ya shaba. Fitingi za raba hazitaushika. Fitingi za AN, aina ya viungo vya kukaza vinavyotumika na mipira hii, huziba kwa uso ulioinama kwa pembe ya digrii 37, kwa hiyo usizizungushie mkanda wa teflon. Hauongezi chochote, na vipande vyake huishia kwenye injekta. Waya uliosukwa nje ya mpira husaga kama msasa chochote unachokigusa, ukiwemo waya wa umeme, basi ufunge kila hatua.

Harufu ikija tangi likijaa tu, usiguse mbele ya gari. Angalia gasketi ya geji juu ya tangi na mpira wa shingo ya kujazia. Ikija asubuhi wakati wa kuwasha na kupotea injini ikipata moto, ni oringi za injekta, pete zake za raba, zilizokakamaa. Chukua za Viton, raba inayostahimili petroli, zipake oili safi ya injini, silikoni isikaribie kabisa kwa sababu petroli huilainisha.

Kabla ya kufungua kiungo chochote, chomoa fyuzi ya pampu, washa injini mpaka izime yenyewe, kisha toa betri. Mpira mpya ukishafungwa, rudia jaribio la poda kwa psi 15, na kagua klipu tena injini ikishapata moto na kupoa, kwa kuwa raba mpya hulegea kidogo chini ya klipu.