Jikokapu la shilingi 1,500 na deni langu la 38,400

Nimepika hotelini hapa Malindi miaka 14. Nimepikia gesi, umeme, na kuni za mkoko kabla hazijawa taabu. Mke wangu aliporudi kutoka kwa bibi mmoja wa mtaa wa Kisumu Ndogo amebeba kapu, akaniambia kuanzia leo mbaazi zitapikwa humo, nilicheka mpaka akanuna.

"Baba watoto, cheka. Deni ni letu wote."

Hapo nikanyamaza, maana ni kweli. Hoteli yetu kusi ikianza hufunga, Aprili mpaka Julai, na sisi hurudishwa nyumbani kwa nusu mshahara. Mwaka jana nusu yenyewe ilichelewa. Tukajikuta tunadaiwa 38,400: dukani 9,600, mkopo wa simu 12,300 pamoja na ada zake, shemeji 10,000, karo iliyobaki 6,500. Kila mkopo wa simu ulipofika siku yake, nilikopa mwingine kuulipa. Nadhani wengi mnaujua mchezo huo.

Sasa kapu. Limesukwa kwa miyaa kama la kwenda sokoni, ila pana zaidi. Ndani limetandikwa sufi, ile ya mito, ikashonewa kitambaa ili isimwagike, na juu kuna mto mnene wa kufunikia. Halina moto wala waya. Unachemsha chakula jikoni kama kawaida, kikishatokota sawasawa unaingiza sufuria humo na mfuniko wake, unakandamiza mto, basi. Sufi haipitishi joto upesi, kwa hiyo chakula kinaendelea kuiva kwa joto kilichoingia nalo.

Mimi si mtu wa kuamini maneno. Nina kipimajoto cha kazini, nikakitia kwenye sufuria ya maji yaliyochemka, lita 4. Baada ya saa nne maji yalikuwa nyuzi 78. Baada ya saa nane, nyuzi 61. Nikalitazama kapu lile kwa heshima mpya. Tena lita 4 zimejaa vizuri. Sufuria nusu tupu hupoa upesi, hilo mjue kabla ya kulalamika.

Mbaazi ndiyo kazi yake. Unaziloweka tangu mchana, saa mbili usiku unazitokosa dakika 20, unaziingiza kapuni, unalala. Alfajiri zimeiva, hazijapondeka, na maji hayajakauka. Mwanzoni nilitia tui zito usiku ule ule ili asubuhi nipate raha. Nikaamka tui limekatika na lina harufu ya kuchacha. Kosa langu, si la kapu. Tui lisubiri asubuhi, mbaazi zikirudishwa motoni. Na kuzirudisha ni lazima hata bila tui, maana kazini tulifundishwa chakula cha moto kisikae chini ya nyuzi 60, na kufikia alfajiri kapu liko pale pale ukingoni. Maharagwe mekundu ndiyo msiyafanyie mzaha kabisa: yatokote hasa, dakika 10 kwa uchache, kabla hayajaingia, kwa sababu yana sumu ambayo joto la kapu peke yake haliiondoi.

Wali nao unatoka vizuri, ila punguza maji. Hakuna mvuke unaotoka, kwa hiyo vipimo vyako vya kila siku vitakupa bokoboko. Mimi nimepunguza karibu robo. Wa nazi sijauweza bado, unashika chini huku juu una kiini, na kwa mpishi ni aibu kukiri.

Nduguyangu aliyeko Nairobi alinunua la kwake akanipigia kusema maharagwe hayaivi. Nikamwambia asilitukane kapu, Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600, maji yake huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, sisi huku pwani ni 100. Anaanza safari akiwa nyuma. Azidishe muda wa jikoni.

Tuje kwenye hela, maana ndicho kilichoniketisha kuandika. Makaa tunanunua kwa mkebe, shilingi 70. Gunia lingekuwa nafuu, lakini mwenye deni ana sabini mkononi, hana ya gunia. Bei hiyo ilipanda 2018 serikali iliposimamisha ukataji miti misituni, na mimi sijaiona ikirudi ilikokuwa. Mwezi mmoja kabla ya kapu mke wangu aliandika kila mkebe ukutani kwa chaki: 69. Mwezi wa kwanza wa kapu: 38. Mikebe 31 haikununuliwa, yaani 2,170. Kapu lilirudisha bei yake wiki ya tatu.

Lakini sikilizeni, wiki mbili za mwanzo hatukuziona hizo hela. Ziliyeyuka kwenye soda, kwenye vocha, kwenye kilo ya nyama isiyokuwa na mgeni. Ndipo mke wangu akachukua kopo la maziwa ya unga, akalitoboa mfuniko, na kila mkebe usionunuliwa sabini yake inaingia saa hiyo hiyo, si jioni. Ijumaa analifungua yeye, naituma mimi.

Tuligombana zitumwe wapi. Yeye alitaka dukani kwanza, kwa sababu anapita pale kila siku na yule muuza duka ana macho. Mimi nikasema duka halituongezei hata senti, simu inatuongezea kila mwezi. Nilishinda, kwa nadra. Mwezi wa sita wa kapu mkopo wa simu ukaisha na programu yake nikaifuta. Duka tulilimaliza mishahara iliporudi.

Kasoro zipo. Kitambaa cha ndani hakitoki, kimeshonewa moja kwa moja, kwa hiyo supu ya pweza ikimwagika mara moja mtakaa nayo wiki nzima. Wakati wa mvua sufi inashika unyevu. Litoeni juani, la sivyo linanuka kama godoro la mtoto. Mende walilipenda kabla hatujalitundika. Sufuria yenye mpini mrefu haiingii. Na msitegemee sima, chapati wala samaki wa kukaanga, hivyo vinataka moto wake. Siku za mchuzi wa haraka halikuokolei kitu.

Jambo moja bibi hakutuambia tukaligundua wenyewe: barafu ya shilingi 20, ukiifunga vizuri ukaitia na jagi la ukwaju saa nne asubuhi, jioni bado ipo. Ramadhani iliyopita hatukununua vya baridi.

Ningelinunua tena? Ndiyo, ila lenye kitambaa cha vifungo. Mke wangu keshaagiza la pili, dogo, la wali. Nikamwambia asubiri kwanza shemeji alipwe elfu yake kumi. Akanijibu shemeji ni kaka yake, atamwambia yeye asubiri.