Fundi wa Ngamiani anayetazama miguu kabla ya kupima suruali

Nina pacha, Kulwa wa kike na Doto wa kiume. Wako kidato cha pili sasa, na sare zao zinashonwa kwa mzee mmoja wa hapa Tanga, Ngamiani, kwenye kibaraza chenye cherehani tatu na pasi ya mkaa. Nimekuwa mteja wake mwaka mmoja na miezi kadhaa. Naandika kwa ajili ya mzazi mwenye mtoto wa miaka 12, 13 au 14 anayejiuliza anunue sare ya dukani au aende kwa fundi.

Mimi nilianza na duka. Watoto walipopata nafasi ya kidato cha kwanza nilikuwa na haraka, nikaingia duka la sare mjini. Kijana wa dukani akampima Kulwa kifua mbele ya wateja na kuitaja namba kwa sauti ili mwenzake atafute saizi. Kulwa akanyamaza mpaka nyumbani. Kuanzia Februari akawa anavaa sweta kwenda shule. Sweta, Tanga, Februari! Nilidhani ana homa, nikampeleka kupima malaria, hana. Ilipofika Aprili ndipo nilipoona, siku moja akianua nguo, jinsi shati lilivyovutika kifuani mpaka nafasi kati ya vifungo ilikuwa wazi. Mwanangu alikuwa akijificha ndani ya sweta, na alikuwa ameanza kutembea mabega yameinama mbele.

Nafundisha baiolojia sekondari. Sura ya ukuaji naifundisha kila mwaka. Najua kwamba wasichana hutangulia wavulana kwa karibu miaka miwili, kwamba matiti huanza kuota kwa kawaida miaka miwili au mitatu kabla ya hedhi ya kwanza. Lakini nilinunua shati kwa kufuata umri ulioandikwa kwenye kibandiko, kana kwamba miaka 13 ni mwili mmoja kwa watoto wote.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenielekeza kwa huyu mzee, likizo ya Juni. Tulipofika watoto wakaamkia, akaitikia, kisha akamwambia Doto avue viatu. Nikadhani amekosea, suruali inahusiana nini na viatu? Akaitazama miguu ya Doto, akamshika kifundo cha mkono, akaniuliza viatu amebadilisha mara ngapi mwaka huu. Mara mbili, nikamjibu, kutoka namba 38 hadi 41. "Basi Mwalimu, huyu hajaanza. Mguu umetangulia, urefu unakuja. Nitamwachia pindo la inchi nne."

Mzee huyu hajasoma baiolojia, ameshona sare miaka mingi tu, lakini alichosema ndivyo kilivyo. Katika balehe nyayo na viganja hutangulia kukua, mifupa mirefu ya miguu na mikono hufuata, kiwiliwili huja nyuma. Ndiyo maana mvulana wa umri ule huonekana kama mwili wote ni miguu, anagonga meza, anamwaga chai. Mwili umerefuka na ubongo bado unajifunza vipimo vipya. Siku ile Doto alikuwa na sentimita 150, dada yake 156. Juni iliyofuata nikawasimamisha ukutani: Doto 159, Kulwa 160. Sentimita tisa kwa mwaka, kasi ya kawaida kabisa kwa mvulana aliye kwenye kilele cha kurefuka. Suruali ni zile zile, pindo limeteremshwa mara mbili. Mara ya kwanza ni bure, ya pili nililipa shilingi 1,000.

Akiba haiko kwenye pindo peke yake. Kiunoni nyuma ameacha kitambaa ndani ya mshono, na mikono ya shati ina mkunjo uliofichwa. Anapiga ovaloki pande zote mbili za akiba, kwa hiyo haichambuki ikikaa ndani mwaka mzima. Kasoro ni mstari wa pindo la zamani: tetroni ya bluu iliyokolea huonyesha alama hata baada ya pasi. Doto aliulalamikia mstari ule kwa wiki nzima.

Kulwa hakupimwa na mzee. Mzee alimwita binti yake, dada wa miaka thelathini hivi, aliyeingia na Kulwa nyuma ya pazia. Namba aliziandika kwenye daftari, hakuna aliyezisikia. Shati likawa na kitambaa cha ziada ubavuni na mikunjo midogo ya kulipatia shati umbo kifuani, kwa hiyo halibani wala halipwayi. Sketi ya marinda ikawekwa mfuko mrefu wa ndani wenye kifuniko. Mimi sikuuagiza. Kulwa aliniambia baadaye kwamba yule dada alimuuliza, "Mdogo wangu, pedi unaweka wapi ukiwa darasani?" na hilo swali peke yake lilimfanya azungumze. Huo mfuko ndio sababu kubwa ya mimi kuandika haya. Sweta limerudi kabatini, na mabega yamenyooka, si kwa siku moja, lakini yamenyooka.

Bei ya kushona, kitambaa unaleta mwenyewe: shati 10,000, sketi ya marinda 15,000, suruali 18,000. Ukijumlisha na kitambaa ni zaidi ya dukani, sitaficha. Tangu Januari 2016 shule za sekondari za serikali hazitozi ada kidato cha kwanza hadi cha nne, lakini sare bado ni juu ya mzazi, na kwa pacha kila kitu ni mara mbili. Hata hivyo za dukani zilidumu miezi mitano.

Sasa jambo ambalo sikulipenda. Mwezi wa tisa Doto alirudi kwa fundi peke yake, na pesa yake ya kuuza ubuyu, akataka suruali ipunguzwe iwe modo, yaani ya kubana miguu, kama za wenzake. Shule yao inakataza. Mzee akampunguzia inchi moja kuanzia gotini kushuka, akaacha kitambaa chote ndani, hakukata. Nilijua siku tatu baadaye. Nilikwenda pale nimekasirika kweli, nikamwambia mtoto wa kidato cha kwanza hawezi kuagiza kazi bila mzazi. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, akaomba radhi. Kisha akanieleza kwamba alimchuchumalisha Doto, akampandisha kwenye kigoda, akamuuliza modo itapasuka wapi ukicheza mpira. Doto akafikiri, akashuka mwenyewe kutoka inchi tatu hadi moja.

Bado nashikilia kwamba angenipigia simu kwanza. Sehemu ya ubongo nyuma ya paji la uso, ile ya kupima matokeo na kujizuia, huendelea kukomaa mpaka miaka ishirini na kitu, na kijana akiwa na rika lake ndipo huthubutu zaidi. Mtu mzima lazima awepo. Ila nakubali pia kwamba Doto hakuamriwa, alihojiwa, na hesabu aliifanya mwenyewe. Mwaka mmoja nyuma asingeweza kuifikiria mechi ambayo haijachezwa na suruali ambayo haijapasuka. Inchi ile nimeiacha, na shuleni hawajamrudisha.

Mengine kwa ufupi. Desemba na Januari usiende. Nguo za ndugu yangu ziliahidiwa tarehe 3 zikatoka tarehe 9, shule imeshafunguliwa. Nenda Oktoba au likizo ya Juni. Risiti hakuna, andika mwenyewe ulicholipa na umwombe atie sahihi. Kioo ni kidogo, kinaishia kiunoni, na watoto wa umri huu wanataka kujiona wazima. Nimemwambia, amesema atanunua kikubwa. Viatu hashoni, lakini mpelekee mtoto akiwa na viatu anavyovaa kila siku, atavitazama.

Na mwache mtoto aseme mwenyewe sketi iishie wapi, mfuko uwe upande gani. Pale kibarazani wataulizwa wao kwanza, wewe baadaye.

Jumamosi tunakwenda tena. Pindo la Doto limebaki sentimita mbili, sauti imeanza kukwaruza, na jana ameniomba namba 43. Kulwa anataka sketi moja tu, saizi ile ile, na mifuko miwili badala ya mmoja.